BARUA: King'ora kikilia mara saba bila kitu, mara ya nane nani ataamka?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Najua ni ndefu, mkiona lazima mkate kateni, ila naomba msiguse pale nitakapoeleza ngazi za tahadhari maana hapo ndo pana faida kwa mtu mwenye ndugu huku.

Mi ni mwanamke wa Tanga, naishi Bowling Green, jimbo la Kentucky, Marekani, mwaka wa tisa sasa. Gazeti lenu nalisoma kwenye simu nikitoka shifti. Majuzi kuna msomaji aliandika humu kwamba watu wa hali ya hewa kazi yao kutisha watu tu, wanasema mvua kubwa haiji, wanasema kimbunga hakiji, akaongeza kwamba hata Marekani na mitambo yao yote ving'ora vya tonado vinalia bure kwa hiyo na sisi tusiwe tunahangaika. Sina ugomvi nae. Tena kwenye hesabu hajakosea sana, nitaonyesha hapo chini. Lakini alipofika kwenye kusema tusihangaike nikashindwa kulala, kwa sababu naishi mji ambao tonado imepita katikati yake, na kuna watu tuliokuwa tunapishana nao dukani hatuwaoni tena.

Kwa asiyeijua, tonado sio kama kile kimbunga cha baharini. Kimbunga cha baharini ni kikubwa, kinaonekana kwenye picha za satelaiti siku kadhaa kabla, kinapewa mpaka jina. Tonado ichukulie kama ile chamchela tuliyokuwa tunaiona utotoni inanyanyua vumbi na makaratasi uwanja wa mpira, ila hii inashuka kutoka kwenye wingu la radi kama mkonga wa tembo, inaweza kuwa na upana wa mita mia tu au ikazidi kilometa, na zile kali kabisa upepo wake unapita kilometa 300 kwa saa. Huku zinatokea kama 1,200 kila mwaka nchi nzima, nyingi ndogo zinapita mashambani. Na muda wa kukuonya ni wa dakika. Ukipata kumi umebahatika, wakati mwingine unapata 20, wakati mwingine hamna kabisa.

Usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, tarehe 11 Desemba 2021, saa saba na kitu, ilikatiza Bowling Green. Kaunti yetu ya Warren tulipoteza watu 17, wengi wao eneo moja la Moss Creek, na watoto walikuwa wengi. Kuna familia za Wabosnia zilizokuja hapa zikikimbia vita zikaja kuzikia watoto Kentucky. Mji huu umejaa wageni, Wabosnia, Wakongo, Warundi, watu wa Burma, Kiswahili unakisikia dukani na kanisani na kwenye foleni ya kliniki, kwa hiyo hii sio habari ya Wazungu peke yao.

Jirani yangu ni mama mtu mzima, Mkongo wa Uvira, anaishi na wajukuu wanne apatimenti ya upande wa pili wa uwanja wetu wa magari. Namwita mama na yeye ananiita mwanangu. Usiku ule simu yangu ilipotoa ule mlio wake mbaya nikanyanyua watoto nikawaingiza bafuni, maana bafu letu halina dirisha, tukavuta godoro juu yetu, nikampigia mama. Simu imezimwa. Nikapiga tena. Imezimwa. Kutoka nje siwezi, na watoto siwezi kuwaacha. Nilikaa mle bafuni nasikia upepo huku najua ng'ambo ya uwanja kuna watoto wanne na bibi yao wamelala fofofo.

Mungu ni mkubwa, ilipita upande mwingine wa mji, kwetu ilikata umeme tu. Asubuhi nikamfuata. Nikamkuta amekaa kwenye ngazi na blanketi anaangalia magari ya zimamoto yanavyopita. Nikamuuliza mama mbona ulizima simu. Akaniambia, "Mwanangu, ile simu inatulamusha kila siku, batoto banalia, na hakuna kitu inakuja. Wewe mwenyewe ulikuwa unatuambia inakuja, inakuja. Sasa sisi tutajua namna gani ile ya kweli ni ipi?"

Ilikuwa kweli. Masika ya mwaka ule na ya mwaka kabla yake mimi ndo nilikuwa nagonga mlango wake nikimtafsiria, amka mama, ingia bafuni, na mara zote asubuhi ilipofika tulikuta jua linawaka na majani yamelowa. Mpaka akachoka. Na uchovu wake sikuuona, nilidhani ananielewa.

Swali lake ndo barua hii.

Jibu la kweli linauma kidogo. Katika kila tahadhari 10 za tonado zinazotolewa huku, kama 7 hivi tonado haitokei. Zamani ilikuwa hata zaidi, tatu katika kila nne. Hizo ni takwimu za wenyewe, idara yao ya hali ya hewa ya taifa, wala hawazifichi. Kwa hiyo yule msomaji wenu akisema zinalia bure mara nyingi, sawa, ni nyingi. Kwa lugha yetu tungeziita tahadhari hewa.

Lakini mtu aulize kwanza kwa nini zinakuwa hewa. Rada hazioni tonado yenyewe mara nyingi, zinaona wingu linazunguka kwa ndani. Mwale wa rada unakwenda mbele ukipanda, na dunia inajikunja chini yake, ukifika umbali wa kilometa 100 uko juu zaidi ya kilometa moja kutoka ardhini, sasa yule mtaalamu usiku wa manane anaona huko juu mzunguko mkali, chini ya hapo haoni, na anajua mawingu mengi yanayozunguka hayashushi mkonga. Lakini yanayoshusha nayo yanaanza hivyo hivyo. Afanye nini? Akisubiri uhakika, uhakika wenyewe ni paa la mtu limeshang'oka. Rada za siku hizi zinaweza kutambua vifusi vikipeperuka hewani, mbao na mabati na majani, na wakiona hivyo wanajua kabisa kwamba ipo chini, ila hiyo maana yake kuna sehemu imeshapiga.

Mi nimekulia kwa wavuvi, naelewa zaidi kwa nyavu. Ukitaka nyavu isikuletee takataka unatumia yenye macho makubwa, utavuta safi kabisa, ila dagaa wote watapita. Ukitaka dagaa ukubali na majani ya bahari. Hamna nyavu inayochagua. Na huku walijaribu. Kuanzia kama 2012 wakaanza kubana, wasitoe tahadhari kirahisi, na kweli tahadhari hewa zikapungua kidogo, lakini tonado zilizopiga bila tahadhari zikaongezeka. Zamani walikuwa wanawahi kama 7 kati ya 10, ikashuka karibu na 6, na ile nafasi ya dakika nayo ikapungua. Nyingi zilizowapita ni ndogo, sikatai, zile kubwa kubwa huwa wanazionya. Ila ukiwa kwenye nyumba ya trela, zile nyumba za kuvutwa ambazo masikini wengi huku wanaishi na wageni pia, hata ile ndogo inakubeba.

Halafu kuna kitu ambacho sikukijua mpaka nilipoanza kufuatilia. Wao wakihesabu hewa na mimi nikihesabu hewa hatuhesabu kitu kimoja. Tahadhari inachorwa kwenye ramani kama kipande cha eneo, zamani kabla ya Oktoba 2007 walikuwa wanatoa kwa kaunti nzima nzima, siku hizi wanachora umbo kufuata njia ya dhoruba. Tonado ikigusa popote ndani ya umbo lile, hata shambani kilometa 15 kutoka kwangu, ikang'oa miti miwili, kwao tahadhari ilikuwa ya kweli. Kwangu mimi niliyekaa bafuni nusu saa na watoto wanalia, haikuja. Na ving'ora vya mjini ndo kabisa, hivyo havipigwi na watu wa hali ya hewa, vinapigwa na mji au kaunti, na sehemu nyingi wanapiga kaunti nzima hata kama umbo limegusa kona tu. Kwa hiyo mtu anaesikia king'ora huko mbali amedanganywa mara mbili kwa hesabu yake, na hamna anaekuja kumueleza kesho yake kwamba jana ilipita pale, ilikuwa ya kweli, ni wewe tu uliepushwa.

Hapo ndo nina malalamiko yangu. Uchovu wa watu wanauita ujinga. Nimesikia mkutano mmoja hapa mtu anasema watu hawasikii, wakaidi. Sio ukaidi. Mtu akiamshwa mara saba na akakuta kitu hamna, kichwa chake kinajifunza, ndivyo tulivyoumbwa, na ungemlaumu tu kama mara moja katika hizo saba ungemfuata ukamueleza.

Joplin, jimbo la Missouri, ndo mfano wanaousoma wote. Jumapili ya tarehe 22 Mei 2011, siku yenyewe wanafunzi wa sekondari walikuwa na mahafali. King'ora cha kwanza kilipigwa saa 11 na dakika 11 jioni. Cha pili saa 11 na dakika 38, wakati huo tonado imeshashuka na iko inaingia mjini. Hospitali kubwa ya mji iliharibiwa vibaya, mitaa ikafutwa, watu 158 wakafa kwa upepo wenyewe. Hamna tonado iliyoua wengi kiasi hicho Marekani tangu miaka ya 1940. Sasa sikiliza hapa. Walitumwa watu wa idara ya hali ya hewa wakahoji wakazi karibu mia, mlifanya nini king'ora cha kwanza kilipolia? Wengi hawakukimbia. Walitoka nje kuangalia wingu, wakafungua tivii, wakampigia ndugu, wakasubiri ishara nyingine na nyingine tena. Wakasema ving'ora hapa vinalia sana. Zilikuwepo karibu nusu saa kutoka king'ora cha kwanza mpaka nyumba kuanguka. Nusu saa! Jirani yangu angeweza kuvaa, kuwavisha wajukuu wote wanne, akatembea kwa miguu mpaka shule yenye chumba cha chini na akafika.

Na miaka miwili kabla ya Joplin, 2009, wachumi wawili, Kevin Simmons na Daniel Sutter, walikuwa wameshapiga hesabu ya tonado nyingi wakaonyesha kwamba sehemu ambazo tahadhari hewa ni nyingi, tonado ikija kweli inaua na kujeruhi zaidi. Kwa hiyo tahadhari hewa ina gharama, mtu asije akasema ni usumbufu tu wa usingizi. Namuelewa mtaalamu anayeogopa kukosa, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, tonado moja ikimpita bila kusema hawezi kusahau, ataonya kila wingu. Lakini kila anapoonya bure kuna simu inazimwa mahali.

Nije kwenye kazi, maana wengi wetu wageni huku usiku tuko viwandani na kwenye maghala. Usiku ule ule wa Desemba 2021, kabla kwetu hakujapigwa, mji wa Mayfield magharibi mwa Kentucky ulipigwa kama saa tatu na nusu usiku. Kulikuwa na kiwanda cha mishumaa na watu zaidi ya mia ndani wanakimbizana na oda za Krismasi. Wafanyakazi walieleza baadae kwamba jioni mapema king'ora kililia, wakajikinga kwenye kolido, hakikutokea kitu, wakarudi kazini. Tonado yenyewe ilikuja masaa mbele. Walikufa watu 9. Usiku huo huo ghala la Amazon kule Edwardsville, Illinois, likaanguka, 6 wakafa. Nikisoma ile ya kujikinga na kurudi nasisimka mwili, kwa sababu mi nimeshafanya hivyo hivyo. Sehemu moja niliyofanya kazi zamani, sitaitaja, simu zetu zililia zote kwa pamoja katikati ya shifti, tukaenda kwenye kolido la vyoo, dakika kumi na tano supavaiza akaanza kuangalia saa, akasema haya ni yale yale ya wiki iliyopita turudi kwenye laini, na dakika zile wakazikata kama mapumziko. Mara ya pili simu zilipolia nusu ya watu hawakunyanyua hata kichwa. Mimi nikiwemo. Nilihesabu hela nitakayokatwa. Huwezi kumlaumu mtu anayelipwa kwa saa kwa kuhesabu saa, walaumiwe waliopanga kwamba kujikinga kunakatwa.

Na ili msidhani dawa ni kunyamaza. Tarehe 16 Mei 2025 tonado ilipita ndani ya jiji la St. Louis, mchana kweupe, saa nane na dakika arobaini hivi. Watu wa hali ya hewa walishatoa tahadhari. Ving'ora vya jiji havikulia. Waliohusika kubonyeza walikuwa kwenye warsha nje ya ofisi na maelekezo kati yao na zimamoto hayakueleweka, ndivyo ilivyoelezwa. Watu 4 wakafa jijini, nyumba maelfu upande wa kaskazini kwa watu weusi zikaharibika. Watu walewale ambao labda mwaka mzima wamelalamika vinapiga kelele bure siku ile waliuliza mbona kimya. Nimewasikia kwa masikio yangu, nina shemeji kule. Hakuna aliyesema afadhali havikulia.

Historia yenyewe inafundisha. Kwa miongo mingi watabiri wa serikali huku walikatazwa hata kulitaja neno tonado kwenye utabiri, wakubwa waliogopa watu watapagawa. Tarehe 25 Machi 1948 maafisa wawili wa jeshi la anga, Ernest Fawbush na Robert Miller, kwenye kambi ya Tinker, Oklahoma, wakathubutu kuitabiri, baada ya ile iliyowapiga siku tano kabla bila neno lolote, na kweli ikaja jioni ile ile kwenye kambi ile ile, na ndege walikuwa wameshazifunga. Kumbe watu hawakupagawa. Hofu ya wakubwa haikuwa na msingi, na mi naona mpaka leo viongozi wanaogopa watu kupagawa wakati watu shida yao ni kwamba hawaambiwi vya kutosha.

Sasa ngazi, hapa ndo niliomba msikate. TMA wetu, mamlaka ya hali ya hewa ya Tanzania, wana maneno mazuri, angalizo na tahadhari, nayatumia hayo hayo.

Kuna angalizo la tonado. Hili linatolewa kwa eneo kubwa, majimbo mawili matatu, masaa kadhaa, maana yake hewa ya leo inaweza kuzaa tonado. Hapo hamna wa kukimbia. Hapo unachaji simu, unajua watoto wako wapi, unaweka viatu karibu. Wageni wengi wanachanganya hili na lile la pili kwa sababu kwa Kiingereza, watch na warning, yanafanana na yote yanatisha, wakiona angalizo halijaleta kitu wanaandika kichwani hewa nyingine, wakati halikuahidi kitu.

Kuna tahadhari yenyewe. Hii ndo ya kuingia bafuni au kolido la ndani au chini ya ardhi kama kupo, mbali na madirisha. Na ndani ya tahadhari kuna mambo ambayo karibu hamna mtu anayatafsiri. Ukifungua meseji ndefu, au ukasikiliza tivii, wanasema chanzo ni nini, kama ni rada tu imeona mzunguko, au kama imethibitishwa, mtu ameiona au rada imeona vifusi. Kuna hatua inayofuata wanaandika kwamba hali hii ni ya hatari ya kipekee. Na ya mwisho kabisa ni dharura ya tonado, ambayo ilianza kutumika tarehe 3 Mei 1999 ile kubwa ilipokuwa inaelekea Moore na Oklahoma City, mtaalamu hakuwa na neno la kutosha akalitunga papo hapo. Hiyo ikitajwa na jina la sehemu yako, iko chini, ni kubwa, inakuja kwenye watu. Baada ya Joplin ndo wakaanza 2012, kwanza Kansas na Missouri kisha nchi nzima, kuandika na madhara yatakavyokuwa, kwamba nyumba za trela zitasambaratika, kwamba vifusi vinavyoruka vitaua aliye nje. Waliamua hivyo kwa sababu ya swali la jirani yangu, ingawa hawakumsikia yeye. Yaani badala ya kulia sauti moja kwa kila kitu, wajaribu kusema na uzito.

Mama nilipomueleza haya, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema basi mwanangu hiyo ya rada tu nitaacha kulala? Nikamwambia hapana mama, ya rada tu nayo unaingia bafuni, kwa sababu kuna nyingi zilipiga bila kupandishwa ngazi, ila ukijua kwamba wenyewe wamekwambia ni ya rada, ikipita bila kitu hutasema walikudanganya, walikwambia wanachoona. Hapo alielewa kuliko miaka yote niliyogonga mlango wake nikisema inakuja. Na mi nikajifunza, nilikuwa namwambia uhakika ambao sina. Ningesema tangu mwanzo "mama, inawezekana, tujikinge" asingezima simu.

Ila angeyajuaje mwenyewe? Zile meseji za simu zinakuja kwa Kiingereza, na Kihispania. Mkongo wa Uvira anasikia mlio, anaona maandishi, anamuamsha mjukuu wa darasa la tatu amsomee. Na mjukuu anasoma neno tonado tu. Sauti bila maana, usiku, mara kumi kwa mwaka. Hata mimi ningeizima. Mji mwenye wakimbizi wengi hivi ungeweza kurekodi maneno ya dakika moja kwa Kiswahili, Kibosnia, Kiburma, kwa kila ngazi, wakatuma kwenye makundi ya makanisa na misikiti, na asubuhi wakarekodi nyingine kueleza ilipita wapi. Hii ya asubuhi naisisitiza. Tumeshawaandikia, na tunaendelea.

Na nyumbani? Sio kwamba najifanya najua sana, ila kaka yangu wa Pangani ndo anaongea kama yule msomaji wenu. Anasema Aprili 2021 walituambia kimbunga Jobo kinakuja, tukavuta ngalawa juu, siku tatu hatukwenda baharini, Jobo akayeyuka kabla hajafika nchi kavu. Ni kweli, na TMA wenyewe walisema kimepungua nguvu. Kwa hiyo Mei 2024 waliposema Hidaya, kaka anasema nusu ya wavuvi wenzake walicheka. Hidaya nae kwao Pangani hakufanya kitu, alifika na kuishiwa nguvu upande wa Mafia. Lakini muulizeni dereva wa basi la Lindi. Barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika pale Somanga, wilaya ya Kilwa, watu wamelala njiani na mizigo yao. Kilwa hawakucheka. Hayo ndo ya umbo na kaunti niliyosema, ilikuwa hewa kwa Pangani na kweli kwa Kilwa, na kaka yangu hajawahi kuambiwa na mtu yeyote habari ya Kilwa kwa namna ya kuihesabu kwenye imani yake. Gazeti lenu mnaweza kufanya hiyo kazi. Kila tahadhari ikiisha, andikeni ilisema nini, ikapita wapi, ikakosa wapi, na kwa nini. Hata sanduku dogo ukurasa wa tatu. Wavuvi wanasoma, na asiyesoma anasomewa kijiweni.

Kwa wenye ndugu huku majimbo ya katikati na kusini, Kentucky, Missouri, Tennessee, Oklahoma, Alabama, Texas, Ohio, Iowa, mkiongea nao muwaulize swali moja tu, simu yako usiku unaizima? Akisema naizima, msimgombeze. Mwambieni anaweza kuzima kila kitu aache zile tahadhari peke yake, ipo kwenye setingi. Na muulizeni kwenye jengo lenu mnaingilia wapi. Akisita kujibu, akatafute leo kabla ya shifti.

Jirani yangu mwaka huu masika simu imelia mara nne. Mara zote nne nilipompigia alikuwa ameshapokea kabla haijaita mara ya pili, na nasikia mwangwi wa bafuni na watoto wanabishana nani kakanyaga godoro. Hamna iliyopiga kwetu. Mara ya nne ilishuka mashambani, ikaezua ghala la tumbaku la mtu, asubuhi tukapanda gari langu na wajukuu wawili tukaenda kuliangalia. Mama alishuka akasimama pale kwenye ukingo wa barabara muda mrefu. Viatu vya watoto mpaka leo viko bafuni kwake, jozi nne, vimepangwa chini ya sinki.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi,
Bowling Green, Kentucky